Nachora ramani ya nyumba ya mbao ya familia isiyokula umeme, naombeni mnikosoe kabla sijaharibu

mbao_kwanza:

Wakuu habari zenu, mimi ni mgeni kidogo huku ila nimekuwa nasoma kimyakimya muda mrefu. Nina kiwanja tayari, nataka kujenga nyumba ya mbao ya familia. Tuko watano, mimi na mwenzangu na watoto watatu, so vyumba vinne, sebule, jiko na kachumba ka kufanyia kazi. Mchoraji sijamtafuta bado, nimechora mwenyewe kwenye karatasi za mistari ili nikienda kwake nisiende mikono mitupu.

Lengo kubwa ni nyumba isile umeme. Hapa tulipopanga msimu wa baridi tunawasha hita mpaka asubuhi na bado watoto wanalala na masweta, halafu kiangazi ukiingia saa tisa mchana humo ndani ni tanuri. Kiwanja kiko sehemu yenye hali hizo hizo, baridi usiku inashuka karibu na nyuzi sifuri, kiangazi mchana inagonga 34 hivi ila usiku kunapoa vizuri.

Ramani yangu iko hivi: nyumba ya chini tu, umbo la L na vikona vikona viwili vitatu vya kupendezesha. Kuta ni magogo yaliyochongwa unene wa sentimita 15, sitaki kupigilia kitu ndani wala nje, nataka mbao ionekane. Sebule iko magharibi na ukuta wake wote ni kioo cha kawaida manake jua likizama upande ule ni raha tupu. Juu ya paa sola nyingi kadri itakavyoingia, ndani ac mbili. Nimesikia mbao yenyewe inazuia joto na baridi kuliko zege so nikaona nikishapata magogo manene nimemaliza kazi.

Maswali: sentimita 15 zinatosha au niende 20? Ile nailoni ya kuzuia unyevu inawekwa ndani au nje? Na mwenzangu anaogopa moto na mchwa, nimjibu nini? Nikosoeni tu, sina ngozi laini.

ChoraFuta:

Karibu mkuu. Umefanya jambo la maana sana kuleta ramani ikiwa bado karatasi, wengi wanakuja hapa paa limeshapigwa ndo wanauliza kwanini ndani kuna joto.

Mimi nachora nyumba, hiyo ndo kazi yangu, na nikiangalia maelezo yako magogo siyo tatizo la kwanza. Tatizo la kwanza ni kioo cha magharibi. Jua la saa tisa alasiri mpaka jioni liko chini, linaingia ndani mlalo, upenu wa paa hata uuchomoze mita mbili haulizuii, na linakuja wakati ambao hewa ya nje nayo ndo iko kwenye kilele cha joto. Yaani unajenga jiko la sola halafu unanunua ac ipigane nalo. Kila jioni.

Hujasema uko upande gani wa ikweta na si lazima useme, ila kanuni ni hii: ukiwa kaskazini ya ikweta madirisha makubwa yaangalie kusini, ukiwa kusini ya ikweta yaangalie kaskazini. Hapo msimu wa baridi jua la mchana linapita chini chini linaingia mpaka katikati ya sebule, bure, na kiangazi linapanda juu sana kiasi kwamba upenu wa sentimita 60 mpaka 90 unaliziba kabisa. Kwa walioko karibu na ikweta kabisa ni tofauti kidogo, kule jua linapita juu ya kichwa, unachokimbia ni mashariki na magharibi tu. Wewe una msimu wa baridi kabisa so tumia jua. Kama machweo unayapenda sana weka dirisha moja la saizi ya picha ukutani, chini ya baraza lenye kivuli au luva za kusimama wima upande wa nje. Pazia la ndani halisaidii sana, joto likishapita kioo limeshaingia.

La pili ni hilo L na vikona. Kila kona ni ukuta wa ziada unaopoteza joto kwa eneo lilelile la sakafu, na ndo sehemu fundi anakosea. Chukua mita za mraba 120, ukizipanga mstatili wa 10 kwa 12 mzunguko wa ukuta ni mita 44. Ukizipanga L yenye mikono ya upana wa mita 6 unafika 52, na hapo sijahesabu vikona vya urembo. Ni mita nane za ukuta zisizokupa hata sentimita moja ya kulala mtoto. Na ukipandisha ghorofa moja, 60 chini 60 juu, paa na msingi vinapungua nusu. Sanduku halimaanishi ubaya, uzuri uuweke kwenye baraza, kwenye mbao za nje, kwenye uwiano wa madirisha.

Sola iache mwisho kabisa.

hesabu_kavu:

Naungana na ChoraFuta, mimi niongeze namba manake maneno "mbao inazuia joto" yanadanganya watu wengi.

Mbao laini yenye unene wa mita moja inapitisha joto wati 0.13 hivi kwa kila mita ya mraba kwa nyuzi moja ya tofauti. Zege la kawaida ni kama 2, so ndio, ukilinganisha na zege mbao ni bingwa. Ila ukilinganisha na pamba ya mawe au selulosi (karatasi zilizosagwa) ambazo ni 0.04 hivi, mbao inapitisha joto mara tatu zaidi. Kwahiyo gogo la sentimita 15 ni sawa na kama sentimita 5 tu za pamba. Tano! Ukienda 20 unapata kama sita. Hela ya miti inaisha na baridi bado inaingia.

Sasa tufanye hesabu ya usiku mmoja, nje nyuzi sifuri ndani 20, ukuta mita za mraba 120, vioo mita 20. Gogo la 15 namba yake ya U inatoka kama 0.76, yaani wati 0.76 zinapita kila mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti. Zidisha kwa 120 kwa 20 unapata wati 1,800 hivi. Kioo kimoja cha kawaida U yake ni kama 5.7, zidisha kwa 20 kwa 20, wati 2,280. Umeona? Mita 20 za kioo zinavujisha kuliko mita 120 za ukuta. Halafu hewa inayopenya kwenye nyufa, nyumba ya mita za ujazo 300 ambayo hewa yake inabadilika nusu kila saa ni kama wati 1,000 nyingine. Jumla zaidi ya kilowati 5 na sijagusa paa wala sakafu.

Badilisha: fremu ya mbao ya milimita 140 iliyojazwa pamba, nje yake bodi ya nyuzi za mbao ya milimita 60, U inashuka mpaka 0.21, ukuta wote wati 500. Vioo mita 15 vya tabaka mbili vyenye mipako ya kurudisha joto na fremu nzuri, U 1.3, wati 390. Ziba nyufa kisawasawa na uweke mashine ya hewa inayorudisha joto, hewa inabaki wati 150 hivi. Jumla ni kilowati moja na kidogo. Watu watano wamekaa tu mnatoa karibu wati 400, ongeza friji, taa, kupika, kuoga. Nyumba inaanza kupashwa na wenyewe waliomo ndani.

Ile bodi ya nje watu wanaionaga kama mapambo ila angalia: fremu ya 140 bila hiyo bodi ukihesabu pamba peke yake unapata 0.24, ila nguzo na mbao za juu na chini zinachukua kama asilimia 18 ya ukuta na kila nguzo ni daraja la joto, so ukweli ni 0.31. Bodi ya nje inazifunika nguzo zote kama blanketi. Ndo maana usiulize unene wa mbao, uliza pamba imekatizwa wapi.

Na hii siyo nadharia ya juzi. Mwaka 1977 kule Regina, Kanada, sehemu ambayo baridi inashuka chini ya nyuzi 30 hasi, walijenga nyumba ya mfano ya fremu ya mbao, kuta kama sentimita 30, imezibwa hewa, ina kifaa cha kubadilishana joto la hewa inayotoka na inayoingia, na hawakuweka tanuru kabisa. Kilichokuja kuwasumbua ni mitambo ya sola ya gharama waliyoiweka, ikaondolewa, kuta zikabaki zinafanya kazi. Wajerumani walipojenga ile nyumba yao ya kwanza ya kiwango cha Passivhaus (nyumba inayohitaji joto dogo sana la kununua) kule Darmstadt 1990 na 91 walishajifunza kwa hao waliotangulia.

Kibiriti:

Hii yote ni kujitesa, jenga tofali na zege, haliozi haliungui, mbao ni ya banda la kuku. Na kiangazi nyumba ya mbao inawaka moto ndani ndani, haina uzito wa kutunza ubaridi wa usiku. Nimekaa kwenye chumba cha mbao chini ya bati najua ninachosema.

hesabu_kavu:

@Kibiriti la banda la kuku nakuachia ila la uzito una hoja na nisingependa lipite hivi hivi. Zege kwa ujazo uleule linatunza joto kama mara tatu ya mbao laini. Nyumba nyepesi jua likiingia ndani joto linaruka haraka. Ila dawa siyo kugeuza nyumba nzima iwe zege, ni kuweka uzito pale unapofanya kazi, ndani ya blanketi. Sakafu ya zege au vigae yenye insulesheni (tabaka la kuzuia joto lisipite) chini yake, hiyo inameza jua la mchana la baridi na inapoa usiku wa kiangazi ukifungua madirisha ya pande mbili. Kwa mzunguko wa siku moja zinazofanya kazi ni sentimita 5 mpaka 10 za juu tu, zaidi ya hapo unabeba mzigo. Hicho chumba chako chini ya bati nina uhakika hakikuwa na hata nchi moja ya kitu kati ya bati na dari. Lililokuunguza ni bati.

ChoraFuta:

Hapo kwenye paa pia watu wanabania sana. Weka pamba mara mbili ya ukutani, sentimita 30 hata 40, na uache nafasi ya hewa chini ya bati ili joto litoke juu kabla halijafika kwenye pamba. Nyuzi za mbao au selulosi ni nzito kuliko pamba ya kioo, zinachelewesha joto masaa kadhaa, la saa nane mchana linakuja kugonga dari usiku ukiwa umeshafungua madirisha.

Fundi_Randa:

Mimi seremala, miaka ishirini na kitu kwenye fremu. Namba za wenzangu nzuri ila naona hakuna aliyejibu swali la nailoni na hilo ndo linaozesha nyumba, so mnisamehe nitaandika refu.

Nilishaitwa kwenye nyumba moja, ya miaka minne tu tangu ikabidhiwe, mama mwenye nyumba analalamika chumba cha mtoto kinanuka udongo. Naangalia ukutani, safi, rangi nzuri. Nikachuchumaa kwenye soketi, kuzunguka plastiki kuna duara jeusi kama mtu amepitisha penseli. Nikafungua skrubu mbili nikavuta soketi nje, upepo baridi ukanipiga vidole. Nikakata jipsam kidogo. Pamba iliyotakiwa kuwa ya manjano imekuwa ya kijivu pale pale pembeni ya soketi, mahali pengine pote bado ya manjano, manake hewa ilikuwa inapita hapo miaka minne na pamba inachuja vumbi kama kichungi cha gari. Nyuma yake bodi ya nje imelowa, nguzo niliyoipima unyevu ikasoma asilimia 34, bisibisi ikazama kama kwenye sabuni iliyokaa majini. Na nailoni ilikuwepo! Imewekwa upande sahihi, imebandikwa vizuri. Fundi umeme alikuja baadaye akaikata kwa kisu kuingiza kiboksi, akaenda zake. Tundu la kiganja.

Sasa ukielewa hiyo umeelewa nyumba ya mbao yote. Watu wanadhani unyevu unapenya nailoni au haupenyi, wanabishana upande gani. Unyevu mwingi unabebwa na HEWA inayovuja. Familia ya watu watano kwa kuoga, kupika, kufua na kupumua mnamwaga hewani kama lita kumi kwa siku. Hewa ya ndani ya nyuzi 20 yenye unyevu nusu ikikutana na kitu chenye nyuzi 9 hivi inaanza kutoa jasho kama chupa ya maji baridi. Katikati ya ukuta wako usiku wa baridi kuna mahali pana nyuzi 9. Hewa isifike hapo, basi.

Upande gani sasa. Sehemu ya baridi kizuizi kinakaa ndani, upande wa joto. Sehemu ya joto na unyevunyevu mwaka mzima ambako ndani ni ac, inageuka, unyevu unasukuma kutoka nje kuingia so ukiweka nailoni ndani umeutega mtego. Wewe una misimu yote miwili kwahiyo nailoni ngumu sikushauri kabisa. Tumia karatasi zile zinazobadilika kulingana na unyevu, msimu wa baridi zinabana, kiangazi zinafunguka ukuta ukaukie ndani. Au bodi ya chipsi zilizogandamizwa ndani, maungio yote yamepigwa mkanda maalum (siyo selotepu jamani, selotepu inabanduka baada ya mwaka), halafu nje bodi ya nyuzi za mbao inayopumua. Nje iwe rahisi kupitisha mvuke mara tano kuliko ndani, hiyo ndo kipimo changu. Na KAMWE usiweke nailoni pande zote mbili, hapo umepaki mbao kwenye mfuko.

Nyaya: acha nafasi ya sentimita 4 au 5 mbele ya hicho kizuizi, piga mbao ndogo, nyaya na soketi zipite humo, halafu ndo jipsam au mbao zako za kuonekana. Fundi umeme anakata anavyotaka hagusi kitu. Kama nyumba ile ingekuwa na nafasi hii mimi nisingeitwa.

Nje ya bodi acha upenyo wa hewa sentimita 2.5 mpaka 4 ndo upige mbao za nje, chini wazi na wavu wa wadudu, juu wazi. Mvua ikipenya ubao wa kwanza inateremka, upepo unakausha. Na mbao ya fremu ununue imekaushwa, unyevu wake uwe chini ya asilimia 18, beba kipimo chako mwenyewe usiamini mdomo. Mbao mbichi ikikaukia ukutani inasinyaa kwa upana, maungio yanafunguka na mikanda yako yote inachanika. Ndo ubaya mwingine wa magogo, yakikauka ukuta mzima unashuka na kila ungio inakuwa ufa wa hewa, kuna watu wanayaweza ila ni kazi ya kuziba kila mwaka.

mbao_kwanza:

Aisee nimesoma mara mbili. Fundi_Randa hiyo habari ya soketi imeniharibia usingizi, nimeenda kufungua moja hapa tulipopanga, sijasema nilichokiona.

Kioo cha magharibi nimekubali kwa shingo upande. Magogo ndo yananiuma, nilikuwa nishajiona nimekaa kwenye kiti naangalia yale magogo. Je nikipiga fremu halafu ndani nipige mbao nzito za kuonekana si nitapata sura ile ile? Na moto na mchwa bado hamjanijibu, mwenzangu ananisubiri na jibu.

Halafu mnasema niizibe hewa kabisa, si tutakosa pumzi humo ndani watu watano?

Mama_Watatu:

Ngoja niongee mimi ninayeishi humo, nyumba ya fremu ya mbao mwaka wa saba sasa, watoto watatu kama wewe.

Pumzi hamkosi mdogo wangu, mtavuta vizuri kuliko unavyodhani. Nyumba inayovuja haikupi hewa unayotaka, inakupa hewa upepo unapotaka. Usiku umetulia hakuna kinachoingia, siku ya upepo unaganda. Sisi tuna mashine ya hewa, inavuta hewa chafu kutoka jikoni na bafuni na kuingiza safi vyumbani, zinapishana kwenye kisanduku zinapeana joto bila kuchanganyika. Kipimo tulichopewa ni kama mita 30 za ujazo kwa saa kwa kila mtu. Asubuhi chumba cha watoto hakinuki usingizi, ndivyo ninavyojua inafanya kazi. Ila vichujio lazima ubadilishe, mwaka wa kwanza tulisahau, mume wangu alivitoa vikiwa kama blanketi la paka. Na kisanduku usikiweke ukuta mmoja na kitanda, sisi tumekiweka, mpaka leo nasikia mmmm.

Siku ya kupima uvujaji nilikuwepo. Wanaweka feni mlangoni kwenye turubai wanavuta hewa nje mpaka tofauti ifike Paskali 50, ni kama upepo wa kilomita 30 na kitu kwa saa unapiga nyumba pande zote kwa pamoja. Halafu unazunguka na mkono uliolowa maji, mahali panapovuja unapasikia mwenyewe. Yetu ilivuja wapi? Siyo madirishani tulikokuwa tunaogopa, ni chini ya bafu bomba linapopita sakafuni, fundi bomba alitoboa tundu mara mbili ya bomba. Kile kiwango cha Passivhaus hewa yote isibadilike zaidi ya mara 0.6 kwa saa kwenye hilo jaribio, sisi tulipata 1.1 baada ya kuziba na nimeridhika.

Muhimu: tulipima KABLA ya jipsam, wakati kila ungio iko wazi. Jirani yangu alipimiwa nyumba imeshapakwa rangi, akapewa karatasi yenye namba mbaya, basi, afanyeje, abomoe?

Ninachojutia ni sauti. Juu wakiruka chini tunajua nani karuka. Kama utafanya ghorofa ongea na mchoraji mapema sakafu ya juu iwekwe kitu kizito na dari ya chini itundikwe isishikane moja kwa moja na mbao.

ChoraFuta:

Moto na mchwa nijibu mimi kifupi. Mbao nene ikiungua inatengeneza mkaa juu ambao unakinga ndani, kasi yake inahesabika, kama milimita 0.65 mpaka 0.8 kwa dakika, ndo maana boriti kubwa inaweza kusimama muda mrefu kuliko chuma tupu kinacholainika kwa joto. Ila usimdanganye mwenzako, nguzo nyembamba za fremu haziko hivyo, zenyewe zinalindwa na jipsam. Jipsam ina maji yaliyofungwa ndani ya madini, kama moja ya tano ya uzito wake, moto lazima uyachemshe kwanza ndo upite. Kwahiyo ukitaka mbao za kuonekana ndani, weka jipsam kwanza mbao juu yake, na usifanye vyumba vyote. Pamba ya mawe haiungui. Ving'amuzi vya moshi kila chumba cha kulala na koridoni, hivyo ndo vinavyookoa watu, moshi unakuja kabla ya moto.

Mchwa: mbao yoyote isiguse udongo, msingi uonekane sentimita 20 juu ya ardhi pande zote bila maua wala kifusi kuegemezwa, manake mchwa wanapanda kwa vile vimfereji vya udongo na unatakiwa uvione. Bamba la chuma juu ya msingi, mbao za chini zilizotibiwa, na kila miezi michache unazunguka nyumba na tochi. Baada ya hapo adui wako ni maji kuliko mdudu.

Kibiriti:

Haya nimesoma yote. Swali moja la nia njema: hiyo sakafu ya zege na hiyo bodi ya nje, panapokutana chini pale, insulesheni inaungana vipi? Manake kwenye tofali hapo ndo ukuta unapotoa jasho.

Fundi_Randa:

Eeh Kibiriti leo umeniangusha, hilo ndo swali zuri kuliko yote humu. Insulesheni ya pembeni ya msingi lazima ipande ikutane na ya ukutani, iwe ya aina isiyonywa maji. Chora ramani ile ya mkato (nyumba kama imekatwa katikati kwa kisu unaiona ndani), kamata kalamu nyekundu, anza kwenye pamba ya sakafu zunguka ukuta mpaka kwenye paa urudi chini upande wa pili BILA KUINUA KALAMU. Halafu chukua ya bluu ufanye hivyo hivyo kwa kizuizi cha hewa. Kila mahali kalamu inapoinuka ndo mahali nitaitwa mimi baada ya miaka minne.

mbao_kwanza:

Wakuu nimerudi. Juzi nimechora upya, mstatili, ghorofa moja, madirisha makubwa upande wa jua la mchana na upenu wa sentimita 80, magharibi nimebakiza dirisha moja chini ya baraza, magogo yamekuwa mbao za kuonekana sebuleni tu. AC imebaki moja na nadhani hata hiyo nitangoja kiangazi cha kwanza kipite ndo niamue. Mwenzangu ameuliza ving'amuzi vya moshi vinapiga kelele kiasi gani, so naona tumevuka.

Nimefanya zoezi la kalamu. Nyekundu imeinuka mara moja, bluu imeinuka mara tatu, mbili ni pale sakafu ya juu inapokaa kwenye ukuta na moja ni bomba la choo. Zile mbili mnazifanyaje?

Fundi_Randa:

Kabla hujasimamisha ukuta wa juu, tandaza ukanda wa karatasi ya kuzuia hewa kuzunguka ncha ya sakafu kwa nje, uache mkia chini na mkia juu, halafu ukuta wa juu ukishasimama unarudisha mikia ndani unaibandika kwenye kizuizi cha chini na cha juu. Inatakiwa inayopitisha mvuke, siyo nailoni, manake hapo inakuwa upande wa baridi. Inachukua asubuhi moja. Ukisahau ukasimamisha ukuta kwanza hakuna tena njia, utabandika vipande katikati ya kila boriti kwa wiki nzima umepiga magoti. Ya bomba la choo kuna kola ya mpira, inanunuliwa kwa saizi ya bomba, mwambie fundi bomba atoboe tundu la saizi hiyo hiyo na ukae hapo anapotoboa.